Majani yasichomwe: kutoka matuta ya Ufipa hadi nyungunyungu wa uani

Mwaka 2007, familia zilizokimbilia Zambia wakati wa vita zilianza kurudi kwa meli na kushuka kwenye bandari ya Moba. Karibu miaka kumi baadaye, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalihamisha watu wengine wengi katika jimbo la Tanganyika. Mhamiaji huacha shamba lake, na anakofikia mara nyingi hupata kipande kidogo tu. Kipande hicho hakipumzishwi. Kikilimwa mihogo na mahindi kila msimu bila kurudishiwa kitu, kinachoka.

Tatizo hili wakulima wa kusini mwa ziwa walilijua zamani. Wabemba wa Zambia walikata matawi ya miti, wakayarundika, wakayachoma na kupanda ulezi kwenye majivu. Njia hiyo inaitwa citemene. Mwaka 1906 kampuni ya Waingereza iliyotawala huko iliikataza, lakini mwaka 1909 ilibidi iiruhusu tena. Citemene ililisha watu, ila ilihitaji msitu mpana, maana rutuba ya majivu haikai miaka mingi.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, Wafipa walikuwa na njia nyingine. Uwanda wao ni wa nyasi, miti ni michache. Wakati wa mvua, udongo ukiwa laini, waliinua mabonge ya nyasi kwa jembe na kuyapindua juu ya majani na magugu, wakapata matuta ya duara. Majani yalioza humo ndani. Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, waliyabomoa matuta, wakatandaza udongo na kupanda ulezi. Majirani zao Wamambwe, upande wa Zambia, huita kilimo hicho fundikila.

Ndani ya majani yanayooza, nyungunyungu ni miongoni mwa wafanyakazi. Mwaka 1881 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu kizima kuonyesha jinsi wanavyopitisha udongo na majani tumboni na kuyageuza kuwa udongo wa juu. Leo wakulima wa nchi nyingi huwafuga makusudi. Wanaofaa ni wale wadogo wekundu wanaoishi kwenye samadi na takataka, si wale wanaochimba chini sana.

Kazi hiyo haidai shamba. Sanduku la mbao au shimo fupi lisilotuamisha maji, kivulini, linatosha. Maganda ya mihogo, mabua ya mahindi na maharagi, matete na magugu-maji ya ziwani hukatwakatwa, huachwa yapoe, kisha huchanganywa na samadi iliyokwisha kupoa. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Chumvi na mafuta visiingie. Baada ya miezi miwili au mitatu hupatikana mbolea nyeusi isiyonuka.

Tahadhari ni mbili. Rundo la nyungunyungu halipati joto la kuua mbegu, kwa hiyo magugu yakusanywe kabla hayajazaa. Tena magugu-maji hunyonya sumu za madini. Yaliyoota kwenye maji machafu ya migodi yasiletwe shambani.

Tuta la Ufipa lilihitaji uwanda. Sanduku linahitaji kona ya ua, na familia ikilazimika kuhama tena, inaweza kubeba nyungunyungu wake ndani ya ndoo.