Mali katika nchi mbili: wosia, mirathi na namna ya kumpata wakili anayefaa

Mfanyabiashara anayefariki akiwa na mali katika nchi mbili huiachia familia yake mirathi mbili, si moja. Hati ya mahakama inayomruhusu mjane kutoa fedha katika benki ya Nairobi haimpi uwezo wa kuuza kiwanja kilichoko Arusha. Vivyo hivyo, barua ya usimamizi iliyotolewa na mahakama ya Moshi haitoshi yenyewe mbele ya msajili wa ardhi wa Kampala. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na imerahisisha mambo mengi ya biashara, lakini sheria za mirathi zimebaki kuwa za kila nchi.

Kwa sababu hiyo, mwenye duka Kariakoo na ghala Mombasa, au mwenye lori lililosajiliwa Kenya na nyumba Mwanza, anahitaji ushauri ambao jirani yake mwenye mali upande mmoja tu wa mpaka anaweza kuishi bila kuutafuta. Makala haya yanaeleza sheria inayotumika, mitego ya kawaida, na maswali ya kumuuliza wakili kabla ya kumpa kazi.

Sheria ipi inatumika

Kanuni ya msingi ni kwamba ardhi na majengo hufuata sheria ya nchi yalipo. Mali inayohamishika, kama fedha, magari na bidhaa, hufuata sheria ya nchi ambako marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu. Kenya imeiandika kanuni hii katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Makazi ya kudumu si lazima yafanane na uraia. Mkenya aliyehamia Dar es Salaam na kuamua kubaki huko anaweza kuhesabiwa kuwa mkazi wa Tanzania.

Tanzania Bara ina mifumo zaidi ya mmoja. Upo utaratibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, zipo kanuni za kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, na ipo sheria ya Kiislamu. Kwa wasiofuata mila wala Uislamu katika mambo ya urithi, mahakama bado hutumia Sheria ya Urithi ya India ya 1865, iliyobaki tangu enzi za Waingereza. Mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi ili kuamua ni mfumo upi unamhusu. Zanzibar ina sheria na mahakama zake, zikiwemo za Kadhi.

Kwa Waislamu, wosia hauwezi kuzidi theluthi moja ya mali, na hauwezi kumpa mrithi halali zaidi ya fungu lake bila ridhaa ya warithi wengine. Kenya pia imewaondoa Waislamu katika masharti ya ugawaji ya Sura ya 160, na Mahakama za Kadhi husikiliza mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Pasipo wosia, mafungu hutofautiana

Familia nyingi hudhani kwamba bila wosia mke atarithi kila kitu. Sivyo. Nchini Kenya, mjane wa ndoa ya mke mmoja mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya marehemu viwe vyake moja kwa moja. Mali iliyobaki huitumia katika uhai wake tu, kisha huwaendea watoto. Akihitaji kuuza sehemu yake ili ajikimu, ni lazima apate ridhaa ya wadhamini wenzake na watoto wote waliofikia utu uzima, au ya mahakama. Ikiwa ni ardhi, ridhaa ya mahakama haiepukiki.

Marehemu akiwa na wake zaidi ya mmoja, sheria ya Kenya hugawa mali kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba pamoja na mama yao. Kwa mfanyabiashara mwenye nyumba moja Taveta na nyingine Moshi, hesabu hiyo hubadilisha mafungu yote. Wakili aliyefichiwa familia ya pili ataandaa nyaraka zitakazopingwa siku ya kwanza mahakamani.

Uganda ilirekebisha Sheria ya Urithi mwaka 2022. Pale ambapo marehemu ameacha mwenzi wa ndoa, watoto, ndugu wanaomtegemea na mrithi wa kimila, watoto hupata asilimia 75, mwenzi asilimia 20, ndugu tegemezi asilimia 4 na mrithi wa kimila asilimia 1.

Masharti ya wosia

Wosia wa maandishi nchini Kenya hutiwa saini na mwenye wosia, na kushuhudiwa na watu wasiopungua wawili. Shahidi asiwe mtu anayepewa kitu katika wosia huo, wala mume au mke wake. Akiwa hivyo, zawadi yake hubatilika isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Wosia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini huwa na nguvu ikiwa tu mwenye wosia amefariki ndani ya miezi mitatu. Aidha, mtu akioa au kuolewa baada ya kuandika wosia, wosia huo hufutika, isipokuwa kama uliandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo.

Kwa Tanzania Bara, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, huandaa na kuhifadhi wosia za wananchi. Lakini kuhifadhi wosia mahali salama hakuondoi haja ya kuuandika vizuri. Mwaka 2021, Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam iliukataa wosia uliodaiwa kuwa wa mfanyabiashara Reginald Mengi, aliyefariki Dubai Mei 2019. Miongoni mwa hoja zilizozingatiwa ni hali ya afya ya marehemu wakati wosia ulipoandikwa, na watoto wake wakubwa kunyimwa urithi bila sababu kuelezwa. Funzo kwa wengine ni kwamba wosia uandikwe mtu akiwa na afya, na anayenyimwa urithi atajwe pamoja na sababu.

Wosia mmoja au miwili?

Sheria ya Kenya hukubali umbo la wosia uliotimiza masharti ya nchi ulikoandikwa, nchi ilipo mali, au nchi ya makazi au uraia wa mwenye wosia. Kwa hiyo wosia mmoja unaweza kutosha. Hata hivyo wapo wanaoandika wosia mmoja kwa kila nchi, ili mirathi ya upande mmoja isingoje ya upande wa pili.

Hapa upo mtego mkubwa. Wosia nyingi huanza kwa maneno ya kufuta wosia zote zilizotangulia. Mtu aliyeandika wosia Nairobi mwezi Machi, kisha akaandika mwingine Dar es Salaam mwezi Juni kwa maneno hayo, atakuwa ameufuta ule wa Nairobi bila kujua. Wosia wa kila nchi useme wazi kwamba unahusu mali ya nchi hiyo pekee, na mawakili wa pande zote mbili waone nakala.

Kuvusha hati ya mahakama

Hati ya usimamizi iliyotolewa katika nchi moja hutumika katika nchi nyingine baada ya kupelekwa mahakama ya huko na kugongwa muhuri. Kenya inaruhusu jambo hilo katika kifungu cha 77 cha Sura ya 160 kwa hati za nchi za Jumuiya ya Madola, ambamo zimo Tanzania, Uganda na Rwanda. Uganda nayo ina sheria mahsusi ya kugonga muhuri hati za nje. Kwa Burundi na Kongo, ambazo sheria zake zina asili ya Kibelgiji na haziko katika Jumuiya ya Madola, njia hiyo isichukuliwe kuwa ipo, na familia imtafute wakili wa huko tangu mwanzo.

Muda nao una gharama. Nchini Kenya ombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali na wenye pingamizi hupewa siku 30. Baada ya hati kutolewa, kwa kawaida hungojewa miezi sita kabla ya mahakama kuithibitisha ili mali igawanywe. Uganda humtaka mwombaji wa mirathi isiyo na wosia aanzie ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi. Tanzania Bara, chini ya Sura ya 352, humtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja.

Bidhaa zilizoko bandarini hazingoji. Kontena likikaa, gharama za uhifadhi huongezeka kila siku. Wakili wa Kenya anaweza kuomba hati ya muda ya kukusanya na kulinda mali, na familia yenye mzigo Mombasa yafaa iulize jambo hilo wiki ya kwanza.

Mambo matatu yanayoponza wafanyabiashara

La kwanza ni ardhi iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Katiba ya Kenya ya 2010 humpa asiye raia umiliki wa kipindi kisichozidi miaka 99. Ili kukwepa masharti haya, baadhi ya wafanyabiashara hununua kiwanja kwa jina la rafiki, shemeji au mshirika. Mwenye fedha akifariki, hati haina jina lake, na wosia hauwezi kumrithisha mtu kile ambacho kisheria si cha marehemu. Mwenye jina akitangulia kufariki, warithi wake watakihesabu kiwanja hicho kuwa chao.

La pili ni hati ya uwakilishi. Wengi humpa ndugu wa upande wa pili wa mpaka hati ya kusimamia biashara kwa niaba yao. Mtoaji akifariki, kwa kawaida mamlaka hayo hukoma siku hiyo hiyo. Anayeendelea kuuza bidhaa au kutoa fedha kwa simu ya marehemu hata kama anajua namba ya siri, anaweza kushtakiwa. Kenya hulihesabu jambo hilo kuwa kosa la kuingilia mali ya marehemu, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

La tatu ni umbo la biashara. Biashara ya mtu binafsi haitengani na mwenyewe, hivyo leseni, akaunti na madeni yote huingia katika mirathi. Kampuni haifi na mwenye hisa. Kinachorithiwa ni hisa, na kampuni yenye mkurugenzi mwingine inaweza kuendelea kulipa madereva na wauzaji. Kenya, Uganda na Tanzania hazina kodi ya urithi, lakini deni la kodi aliloacha marehemu KRA, URA au TRA hulipwa kutokana na mali yake kabla ya warithi kugawana.

Kumchagua wakili

Uwakili ni leseni ya nchi. Wakili wa Nairobi anaweza kushauri na kuratibu, lakini kesi ya Arusha itahitaji aliyesajiliwa Tanzania. Ni vyema awepo wakili mmoja kiongozi, kwa kawaida katika nchi ya makazi, na mwenzake katika kila nchi yenye ardhi. Jina lithibitishwe kabla ya kulipa chochote: Kenya kwa Chama cha Mawakili, Tanzania Bara kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama au Tanganyika Law Society, na Uganda kwa Uganda Law Society.

Maswali yafuatayo yatamtofautisha mzoefu na asiye mzoefu:

1. Amewahi kushughulikia mirathi yenye mali nje ya nchi, na hati iligongwa muhuri mahakama gani?
2. Ni mfumo upi wa sheria utatumika kwa mteja huyu, na kwa nini?
3. Nani atakuwa wakili upande wa pili, na atalipwa na nani?
4. Kama anamwakilisha pia mshirika wa biashara au mmoja wa warithi, mgongano wa maslahi atauondoaje?
5. Wosia halisi utahifadhiwa wapi, na nani mwingine atajua?

Ada iandikwe katika mkataba, ikitenganisha malipo ya wakili, ada za mahakama, tangazo na uthamini wa ardhi. Kenya na Tanzania zina kanuni zinazoongoza malipo ya mawakili, na mteja ana haki ya kuonyeshwa. Sheria ya Mawakili ya Kenya haitambui mapatano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda.

Gharama ya wosia ni ndogo ikilinganishwa na ya mgogoro. Mali ya Mbiyu Koinange, waziri wa zamani wa Kenya aliyefariki 1981, ilibishaniwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 30.

Mkutano wa kwanza na wakili utakuwa mfupi ikiwa mteja amebeba nakala za hati za ardhi, kadi za magari, orodha ya akaunti za benki, za simu na za vyama vya akiba na mikopo, nyaraka za usajili wa biashara, orodha ya wadeni na wadai kila upande wa mpaka, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto wote. Orodha hiyo ipitiwe upya kila mali inaponunuliwa au kuuzwa, na kila familia inapobadilika kwa ndoa, talaka, kuzaliwa au kifo.