Watoto Kuondolewa Shuleni kwa Safari za Jamaa: Habari za Uingereza tangu 1870

Katika nchi ya Uingereza kuna shauri lililowagawa wazazi na walimu kwa muda mrefu, nalo ni hili: Je, mzazi ana haki ya kumtoa mtoto wake shuleni katikati ya muhula, ili asafiri naye kwa mapumziko? Katika mwaka 2017 shauri hilo lilifika mbele ya mahakama iliyo kuu kupita zote za nchi ile, na chanzo chake kilikuwa siku saba tu za masomo. Mtu aweza kustaajabu, akasema, Yawaje majaji watano wakae kwa ajili ya siku saba za mtoto mmoja? Lakini jambo hili lina mizizi mirefu, wala halifahamiki vema pasipo kuitazama. Basi na tuanze mbali kidogo.

Kabla ya 1870 hapakuwa na sheria Uingereza ya kumlazimisha kila mzazi kumpeleka mtoto wake shuleni. Shule zilikuwako, na nyingi zilikuwa za makanisa, walakini kwa watu maskini mtoto alihesabiwa kuwa mkono mmoja wa kazi. Mtoto mdogo aliamia ndege mashambani. Akikua kidogo aliokota mawe na viazi, na msichana alikaa nyumbani kulea wadogo zake. Shule ilimpata mtoto siku zile ambazo nyumba haikumhitaji.

Katika mwaka 1862 Serikali ilitoa kanuni mpya, kwamba msaada wa fedha kwa shule upimwe kwa mahudhurio ya watoto, na kwa kadiri walivyoshinda mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Tangu hapo nafasi tupu darasani ikawa hasara ya fedha kwa shule. Kanuni hiyo ilimwagiza mwalimu mkuu pia aandike katika kitabu mambo yaliyotukia shuleni. Vingi vya vitabu hivyo vingaliko, na mtu avisomapo huona malalamiko yale yale mwaka kwa mwaka: leo watoto ni wachache, kwa maana mavuno yameanza.

Ndipo sheria ikaja, tena ikaja hatua kwa hatua. Katika 1870 Bunge lilipitisha sheria iliyoletwa na W. E. Forster, ya kuweka halmashauri za shule mahali palipopungukiwa na shule, nazo zikapewa uwezo wa kulazimisha mahudhurio zikipenda. Katika 1876 sheria nyingine ikatamka kwamba ni wajibu wa mzazi kuhakikisha mtoto wake amefundishwa kusoma, kuandika na hesabu. Katika 1880 mahudhurio yakawa ya lazima nchini kote kwa watoto wa miaka 5 mpaka 10. Umri huo ukapandishwa kuwa 11 katika 1893, na 12 katika 1899; na sheria ya 1918 ikaufanya kuwa 14. Watumishi maalum walitumwa kupita mlango kwa mlango wakiuliza kwa nini mtoto hayupo shuleni. Watu hawa hawakupendwa, maana mjane aliyetegemea shilingi chache za mwanawe aliona kuwa wamekuja kumnyang'anya chakula.

Sasa twafika penye jambo lenyewe, nalo twaliona wazi katika wilaya ya Kent, kusini-mashariki ya London. Huko hulimwa mmea utambaao uitwao hopu, ambao maua yake hutiwa katika bia kuipa uchungu na kuihifadhi isiharibike. Maua hayo yakiisha komaa, hayangoji. Katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, mwezi wa Septemba ulipofika, maelfu ya wanawake na watoto wa mashariki ya London walifunga sufuria na matandiko yao, wakapanda garimoshi maalum kwenda Kent. Walikaa majuma kadha wa kadha katika vibanda vya mkulima, wakalala juu ya majani makavu, wakapika nje kwa kuni. Mama na watoto walichuma pamoja, wakalipwa kwa kipimo. Na wanaume waliobakia kazini mjini waliwafuata siku za mwisho wa juma. Fedha zile ziliwanunulia watoto viatu na nguo za baridi.

Je, hii ilikuwa kazi au mapumziko? Ilikuwa vyote viwili. Kwa wengi wa watu wale hapakuwa na safari nyingine mwaka mzima, na mtoto aliyezoea moshi wa London aliona miti na anga. Lakini shule za London zilikuwa zimekwisha fungua milango, na mwalimu aliyeita majina alijibiwa na kimya. Sheria ilikuwa upande wake. Walakini atamshitaki nani, ikiwa nusu ya mtaa imekwenda Kent?

Shule za Kent zenyewe zilifanya busara. Kwa kuwa walijua kwamba watoto wa vijiji hawatakuja wakati wa kuchuma, walimu na halmashauri waliweka likizo ndefu ya mwaka iangukie majuma hayo hayo. Mavuno yakichelewa, shule nayo ilichelewa kufunguliwa. Hawakufanya hivyo kwa kudharau masomo, bali kwa kuyalinda. Maana ni afadhali kufunga shule majuma manne kwa wote kuliko kuifungua kwa wachache na kurudia kila somo baadaye.

Jambo kama hili lilitendeka kaskazini pia, katika miji ya Lancashire iliyosokota na kufuma pamba. Tangu zamani kila parokia ilikuwa na sikukuu yake ya kukumbuka kuwekwa wakfu kwa kanisa. Viwanda vilipokuja, sikukuu hiyo ikageuka kuwa juma zima la kupumzika: mji mmoja juma hili, na mji mwingine juma jingine. Viwanda vilifungwa, mitambo ikasafishwa, na watu waliokuwa wameweka akiba kidogo kidogo mwaka mzima walikwenda baharini, hasa Blackpool, ambako reli ilifika katika 1846. Shule za mji nazo zilifungwa juma hilo. Hapakuwa na mtoto aliyetoroshwa shuleni, kwa sababu mwalimu, mfumaji na mwenye duka wote walikuwa wakipumzika kwa pamoja.

Baada ya hayo mambo yaligeuka. Katika 1938 Bunge lilipitisha sheria ya kuhimiza wafanya kazi wapewe likizo yenye mshahara, na baada ya vita vya 1939 hadi 1945 haki hiyo ilienea sana. Mashine zikaanza kuchuma hopu, na safari za Kent zikakoma. Viwanda vya pamba vikafungwa kimoja baada ya kingine, na juma lile la mji likafifia pamoja navyo. Kila mtu sasa alipata likizo yake kwa mapatano yake na mwajiri wake: baba juma hili, mama juma lile. Tena eropleni ziliwawezesha watu wa kawaida kufika Hispania, hata Marekani. Basi likizo iliyokuwa ya mji mzima ikawa ya kila nyumba peke yake.

Sheria ya shule nayo iliendelea. Sheria kubwa ya elimu ya 1944 iliweka wazi kwamba ni kosa la mzazi ikiwa mtoto aliyeandikwa shuleni hahudhurii kwa kawaida, ila kwa ugonjwa, au sababu isiyoepukika, au siku takatifu ya dini yake, au kwa ruhusa. Maneno hayo yaliingizwa tena katika sheria ya 1996. Kwa kanuni za 2006 mwalimu mkuu aliweza kutoa ruhusa mpaka siku kumi kwa mwaka kwa safari ya jamaa, kama aliona kuna sababu maalum. Lakini tangu Septemba 2013 Serikali iliondoa kabisa maneno ya safari za jamaa katika kanuni za Uingereza, na ruhusa ikabaki kwa mambo yasiyo ya kawaida tu. Mzazi aliyekaidi alitozwa pauni 60 kwa kila mtoto, nazo zikawa 120 asipolipa katika siku 21. Na kwa kuwa kila mzazi hutozwa peke yake, baba na mama wenye watoto wawili walidaiwa pauni 240. Nchi ya Wales, inayojitungia kanuni zake za elimu, haikufuata badiliko hilo, bali iliwaachia walimu wakuu uwezo ule wa siku kumi.

Ndipo ikatokea kesi ya 2017. Baba mmoja wa kisiwa cha Wight aliomba ruhusa, akanyimwa. Hata hivyo, katika Aprili 2015 alimchukua binti yake kwenda Florida, Marekani, na mtoto akakosa siku saba. Baba akakataa kulipa faini. Mahakimu wa kwanza wakamwachilia, na katika 2016 Mahakama ya juu yao ikakubaliana nao, kwa sababu mahudhurio ya mtoto yalikuwa zaidi ya siku 90 katika kila mia. Wakuu wa kisiwa wakapeleka rufani mbele zaidi.

Kesi yote ilisimama juu ya neno moja la sheria, ambalo katika lugha yetu twaweza kulitia kuwa kwa kawaida. Nasi twajua ya kuwa kawaida ina maana zaidi ya moja. Yaweza kuwa ni kutenda jambo kwa vipindi vilivyo sawa, kama mtu aendaye sokoni kila Jumamosi. Yaweza kuwa ni kulitenda mara nyingi za kutosha. Tena yaweza kuwa ni kulitenda kwa kufuata kanuni iliyowekwa. Katika hukumu iliyotolewa tarehe 6 Aprili 2017, na kuandikwa na Bibi Hale, majaji wote watano walichagua maana ya tatu. Walisema kwamba tukishika maana ya pili, hakuna mzazi atakayejua kabla ya kutenda kama siku alizochukua ni nyingi mno au si nyingi. Tena walisema kwamba mtoto asipokuwapo humpunguzia mwalimu nafasi ya kuwafundisha wengine, maana hana budi kurudi nyuma kwa ajili yake. Na ya kuwa kumwachilia mvunja kanuni ni kuwadharau wazazi walioitii. Kesi ikarudishwa kwa mahakimu, na baba yule akaonekana ana hatia, akaamriwa kulipa gharama za pauni 2,000.

Ugomvi haukwisha kwa hukumu hiyo. Wazazi husema kwamba nauli na vyumba vya kulala hupanda bei shule zifungwapo, na ya kuwa kazi nyingine hazimpi mtu likizo katika Agosti. Wako waliofanya hesabu wakaona faini ni ndogo kuliko tofauti ya nauli, wakailipa kana kwamba ni sehemu ya tikiti. Hapa pana ubaya mkubwa, kwa maana faini moja haimwumi tajiri, bali humchoma maskini. Tangu Agosti 2024 faini imekuwa pauni 80, au 160 kwa achelewaye. Na kosa likirudiwa mara ya tatu katika miaka mitatu, hapana faini tena, na mzazi aweza kupelekwa mahakamani.

Mimi naona kwamba majaji waliamua sawa juu ya neno la sheria. Shule haiwezi kuendeshwa ikiwa kila nyumba yachagua juma lake. Katika mwaka wa Uingereza mna siku 190 tu za masomo, na darasa la watoto thelathini, kila mmoja akiondoka siku saba kwa wakati wake, halitakuwa kamili hata mara moja katika sehemu kubwa ya mwaka. Lakini pia naona kwamba wale wa Kent na Lancashire walikuwa na jambo ambalo sheria ya faini haina. Wao walikaa kwanza wakauliza, Watu wetu wana shughuli gani, na katika mwezi gani? Kisha wakaweka siku za kufunga mahali ambapo wengi wataweza kuzishika. Kanuni yao ilitiiwa kwa sababu ilifanywa pamoja na maisha ya watu.

Nasi tulio vijijini tunalo la kujifunza hapa. Majira ya kupanda na ya kuvuna twayajua. Safari za harusi na za kuwatazama wazee hazitukii zote kwa ghafula. Kama kamati ya shule na wazazi watakaa mapema, kabla mwaka haujaanza, wakapeleka shauri lao kwa wakuu wa elimu juu ya siku za kufunga, walimu hawatapata darasa nusu mwezi wa mavuno. Lakini siku zikiisha wekwa na kutangazwa, mzazi asiseme, Ni siku mbili tu za mwanangu. Na ahesabu pia siku za watoto wengine waliokaa darasani wakimngojea mwalimu arudie somo la jana.