Gitaa la Mzee wa Momela

Kuna mzee huko Momela anauza gitaa. Anataka shilingi laki moja na nusu, na majirani wanamcheka: gitaa kuukuu la Japani, tena limevimba uso! Nililishika nikachungulia tunduni. Ndani mna karatasi yenye jina la fundi, sahihi yake na mwaka 1972. Hilo halikutoka kiwandani.

Tumezoea kwamba Mjapani ni mtu wa magari na redio. Wachache wamesikia habari za Masaru Kohno, aliyezaliwa mwaka 1926. Mwaka 1960 alikwenda Madrid, Hispania, akakaa karibu na fundi Arcángel Fernández kutazama anavyofanya kazi. Mwaka 1967 gitaa lake lilipata nishani ya dhahabu katika mashindano ya Liège, Ubelgiji. Mwanafunzi huyo wa Wahispania sasa alikuwa anasifiwa Ulaya kwenyewe.

Magitaa ya aina hiyo hufungwa nyuzi za nailoni. Zamani zilikuwa za utumbo wa wanyama. Utumbo ulipoadimika wakati wa Vita Kuu ya Pili, Albert Augustine wa New York akajaribu nailoni. Nyuzi hizo hazivuti kwa nguvu, ndiyo maana fundi huuchonga ubao wa mbele uwe mwembamba, milimita mbili na ushei tu, upate kutetemeka.

Sisi masikio yetu yamelelewa na waya. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alipiga waya, na Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alifika hata Osaka na Morogoro Jazz, alipiga gitaa la umeme, nalo ni la waya. Basi mtu akiona gitaa lolote, hukimbilia dukani kununua waya. Lakini waya huvuta karibu mara mbili ya nailoni!

Ndivyo alivyofanya mzee wetu. Kibao kinachoshika nyuzi kimeanza kubanduka, na yeye alidhani ni uzee wa mbao.

“Mzee, shikamoo tena,” nilimwambia, “hizi nyuzi zilegezwe leo hii.”

Akazilegeza, mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza kama laki moja na nusu bado ni bei nzuri. Nikamwomba asiuze kwanza, mpaka fundi anayejua magitaa ya nailoni aione karatasi ile.