Kuzuia vidonda vya mgandamizo kwa waliopooza: umeme unaoamsha misuli

Kidonda cha mgandamizo hutokea pale ngozi na nyama vinapobanwa muda mrefu kati ya mfupa na kiti au kitanda. Damu haipiti, nyama inakufa. Kwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu, mahali pa hatari ni makalio, mwisho wa uti wa mgongo, nyonga na visigino.

Sisi tunaotembea hujigeuza kitini bila hata kufikiri. Aliyeumia uti wa mgongo kwa risasi, ajali ya pikipiki au kuanguka, mara nyingi hasikii uchungu wa kumwonya. Tena misuli yake ya makalio hukonda, na mfupa hukosa mto wake wa asili. Kidonda kikioza, vijidudu vinaweza kuingia katika damu na kuua. Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyepooza mwaka 1995, alikuwa akitibiwa kidonda cha namna hii alipofariki mwaka 2004.

Watafiti wa Uholanzi na Marekani wamejaribu kuamsha misuli hiyo kwa umeme. Vibandiko huwekwa juu ya makalio na nyuma ya mapaja, na kifaa kidogo cha betri hutuma umeme mdogo. Misuli hukaza, kisha hulegea. Hivyo uzito huhama, damu hupita, na kwa mazoezi ya muda mrefu misuli huweza kunenepa tena.

Njia hii haimfai kila mtu. Kama mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye misuli yenyewe imekatika, misuli haitaitika. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asiitumie bila ruhusa ya daktari. Aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla. Kwa hiyo mtu asijifungie waya nyumbani. Daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo aanze naye.

Umeme hauondoi kazi ya kila siku, ambayo kila jamaa anaiweza:

- Kuinama mbele au kuegemea upande kila dakika 15 hadi 30, kwa dakika moja au mbili.
- Kugeuzwa kitandani kila saa 2 hivi.
- Kukalia mto mzuri, usio na tundu katikati.
- Kukauka vizuri na kula vyakula vya kujenga mwili, kama maharagwe, mayai na samaki.
- Kukagua ngozi asubuhi na jioni kwa kioo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuteni mahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu. Msipasugue. Mgonjwa asipakalie tena mpaka papone, na muuguzi aitwe mapema.

Tunapomtembelea ndugu aliyepooza, basi, tumwulize pia: leo umegeuzwa mara ngapi?