Frankenstein: Sayansi iliyomkwepa mwanamke

RIWAYA ya Frankenstein ilipochapishwa jijini London mnamo Januari 1, 1818, haikubeba jina la mwandishi. Kwa kuwa dibaji iliandikwa na mshairi Percy Shelley, baadhi ya wasomaji walidhani kazi yote ni yake. Mtunzi halisi alikuwa mkewe, Mary, aliyeanza kuiandika akiwa na umri wa miaka 18.

Uchungu wa uzazi Mary aliujua. Mamake, mtetezi wa haki za wanawake Mary Wollstonecraft, alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka wa 1797. Naye bintiye wa kwanza alikufa akiwa mchanga mnamo 1815. Mwandishi huyu ndiye aliyemsawiri mwanasayansi Victor Frankenstein, mwanamume anayeunda kiumbe pasipo mwanamke, kisha akamtoroka punde tu anapofumbua macho.

Uzito wa riwaya, kwa maoni yetu, umo katika tukio la visiwa vya Orkney, Scotland. Kiumbe ameomba aundiwe mwenzi. Victor anaianza kazi, halafu anaingiwa na hofu. Je, mwanamke huyo akikataa makubaliano ambayo hakushirikishwa? Akimchukia mume aliyepangiwa? Akizaa? Anamrarua vipande kabla hajavuta pumzi. Kisasi kinamwangukia mwanamke mwingine: Elizabeth, mkewe Victor, ananyongwa usiku wa harusi.

Filamu ya James Whale ya 1931 ilimtambulisha mtunzi kwa jina la mumewe, Bi Percy B. Shelley. Radi na mitambo tuliyoizoea ni ya filamu hiyo. Riwayani, Victor hafichui siri ya kumtia kiumbe uhai. Isitoshe, kiumbe ambaye kitabuni ni msemaji hodari, hapa ni bubu.

Katika Bride of Frankenstein ya 1935, Whale alimpa uhai yule aliyeraruliwa. Elsa Lanchester aliigiza Mary Shelley na bi harusi pia. Bi harusi huyo anaonekana kwa dakika chache tu mwishoni, na hatamki neno. Akimwona mume aliyeundiwa, anapiga mayowe. Hilo ndilo jibu alilolihofia Victor.

Kenneth Branagh naye, mwaka wa 1994, alimfanya Victor amfufue Elizabeth. Wanaume wawili wakimgombania, anajiteketeza kwa moto. Tukio hilo halimo riwayani, lakini ni vigumu kusema kwamba linakwenda kinyume nayo.