Amana ya Msafiri: Habari za Njia katika Vitabu vya Rihla na katika Hukumu ya Hijja

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Msimu mmoja baada ya Hijja tulijiwa barazani, baina ya Magharibi na Isha, na mzee mmoja aliyekuwa amerejea siku chache nyuma. Watu walikuwa wamekwisha kumpongeza na kuonjeshwa maji ya Zamzam. Alipoona wamepungua alisogea, akauliza kwa sauti ya chini: "Shekhe, nikieleza yaliyotupata huko, Hijja yangu haitaharibika?" Waliahidiwa nyumba jirani na Haram, wakawekwa mbali kiasi cha kuhitaji gari kwa kila sala. Mina walikaa siku nzima bila kuletewa chakula. Mwenye kuwapeleka hakuonekana mpaka siku ya kurudi. Na tayari vijana wawili wa mtaani, wanaokusudia kuwapeleka mama zao mwaka unaofuata, walikuwa wamemwuliza safari ilikuwaje, naye akawajibu: "Alhamdulillah, nzuri."

Tuliona suala lake lina mizizi ya mbali kuliko alivyodhani. Umma huu umeandika habari za safari kwa zaidi ya miaka elfu, na wanazuoni wa fiqhi wamejenga hukumu juu ya habari hizo.

Kila mwanafunzi wa madrasa anajua kuwa Hijja ni faradhi kwa mwenye kuiweza njia. Imam Nawawi (631–676 H), Allah amrehemu, katika Minhaj ametaja sharti za uwezo huo, na miongoni mwake ni amani ya njia. Anasema kwamba mtu akihofia nafsi yake au mali yake kwa mnyama mkali, au adui, au mtoza ushuru anayewavizia watu njiani, na hana njia nyingine, Hijja haimlazimu. Kuhusu bahari, kauli iliyo dhahiri zaidi kwake ni kuwa ni wajibu kuipanda ikiwa usalama ndio unaoghalibu. Sasa tujiulize: mtu aliyekaa Lamu, au Fes, au Granada, atajuaje kama usalama unaghalibu katika bahari ambayo hajaiona? Hana njia ila kumwuliza aliyekwisha kupita. Kwa hiyo neno la msafiri aliyerejea linaingia ndani ya hukumu yenyewe. Akisema njia ni salama na ilhali si salama, amemwambia mtu kuwa imemlazimu safari ambayo sharia haikumlazimisha. Na akiitisha kwa uongo, amemzuilia mwenzake faradhi.

Miongoni mwa waliolibeba jambo hili kwa uzito unaostahiki ni Abul-Husayn Muhammad ibn Jubayr, mzaliwa wa Valencia katika Andalus (540 H/1145). Alikuwa katibu wa gavana wa Granada. Alitoka mjini humo mwezi wa Shawwal 578 H (Februari 1183), akapanda merikebu ya Wagenoa pale Ceuta, na akafika Iskandaria mwishoni mwa mwezi Machi. Alirejea Granada mwaka 581 H (1185). Kitabu chake kimepangwa kwa miezi, kama daftari ya safari, na mwenye kukisoma anaona kuwa mwandishi ana wenzake wa baadaye mbele ya macho yake: wapi pana maji, nauli ni kiasi gani, kituo kipi kina wizi, wapi mgeni hupewa mkate.

Mfano wa Iskandaria unatosha kuonyesha uadilifu wake. Mara tu merikebu ilipotia nanga, maafisa wa forodha walipanda, wakaandika majina ya watu na mali zao, kisha wakadai zaka ya kila kitu bila kuuliza kama kimepitiwa na mwaka. Mahujaji walipekuliwa hadi viunoni na kulishwa viapo. Ibn Jubayr aliyaandika yote haya bila kuficha. Lakini hakuishia hapo. Akasema kuwa hadhani Sultani Salahuddin analijua jambo hili, na lau angalijua angaliliondoa. Kisha akasifu madrasa za mji ule, hospitali ya wageni, na mikate miwili kila siku kwa kila msafiri wa Maghribi. Aliyedhulumiwa asubuhi akaweza kuandika wema wa jioni katika mji ule ule, huyo habari yake inafaa kutegemewa.

Na aliyoyaona ya kutisha zaidi yalikuwa Aydhab. Hii ilikuwa bandari ya pwani ya Afrika ya Bahari ya Shamu, ikielekeana na Jeddah. Wakati ule njia ya Sinai ilikuwa imezibwa na ngome za Wafaranji, kwa hiyo mahujaji wa Misri na Maghribi walipanda mto Nile hadi Qus, wakakata jangwa kwa ngamia, wakavuka kutoka Aydhab. Mji ule haukuwa na chochote ila kilicholetwa kutoka kwingine, na wenyeji wake waliishi kwa mahujaji. Ibn Jubayr alikaa hapo zaidi ya wiki tatu akingoja kuvuka.

Vyombo vya kuvukia viliitwa jalba. Msomaji wa pwani yetu atavitambua mara moja, kwani havikuwa na msumari hata mmoja: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, zikatiwa kalafati, kisha zikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na haya ya papa ndiyo aliyoyaona bora. Nani kati ya wazee wetu asiyeijua sifa, au asiyesikia habari za mtepe? Ustadi wa kushona chombo haukuwa na aibu. Aibu ilikuwa kwa wenye vyombo. Waliwajaza mahujaji mmoja juu ya mwingine kama kuku katika tenga, ili safari moja irudishe gharama yote ya chombo, na baada ya hapo hawakujali bahari itafanya nini. Upepo ukikipotosha chombo, mahujaji hutupwa kwenye ufuo usio na watu, wakakodi ngamia kwa Wabeja wa jangwani. Wengine walipitishwa makusudi pasipo na maji, wakafa kwa kiu na mali zao zikachukuliwa.

Juu ya hayo palikuwa na ushuru wa dinari saba na nusu za Kimisri kwa kila kichwa, na asiyeweza kulipa aliteswa. Salahuddin ndiye aliyeufuta ushuru huo, akamfidia amiri wa Makka kwa mali na chakula. Ibn Jubayr anaeleza kuwa kwa sababu ya dhuluma kama hizi baadhi ya mafakihi wa Andalus walifikia kusema kwamba faradhi ya Hijja imewaondokea watu wao. Tusiipite haraka sentensi hii. Mafakihi wale hawakuiona Aydhab. Walitoa fatwa juu ya masikio, kwa habari za waliorejea na makovu.

Yeye mwenyewe alivuka Julai 1183, akafika Jeddah baada ya siku kama nane za dhoruba na hofu. Baadaye alitoa nasaha ya wazi kwa watu wa kwao: mwenye kuweza asiione Aydhab, apite Sham hadi Iraq, ajiunge na msafara wa amiri wa mahujaji wa Baghdad, hata kama njia ni ndefu zaidi. Hakuogopa kuwa kuitaja adha ya njia kutapunguza thawabu zake, wala hakuchanganya Nyumba ya Mwenyezi Mungu na tamaa ya wenye majahazi.

Alikuwa na kasoro zake. Hasira zake juu ya watu wa Hijaz zilimfikisha mahali pa kutamani nchi ile isafishwe kwa upanga wa Almuwahhidun, watawala wa kwao. Hilo tunamwachia mwenyewe. Hata hivyo, alipopita Akka, mji uliokuwa mikononi mwa Wafaranji, aliandika kuwa makarani wa forodha, nao ni Manasara, waliwakagua wasafiri kwa upole. Haikuwa rahisi kwake kuandika vile, baada ya aliyoyaona Iskandaria.

Karne na nusu baadaye, Ibn Battuta wa Tangier, aliyetoka kwao mwaka 725 H (1325), alifuata njia ile ile. Katika mji wa Hiw, Misri ya juu, sharifu mmoja alimwambia kuwa hatahiji mara ya kwanza ila kwa kupitia Sham. Hakumsikiliza. Alipofika Aydhab alikuta vita baina ya mkuu wa Wabeja na askari wa Mamluk, na vyombo vimezamishwa, ikambidi arudi Misri yote na kushika njia ya Sham.

Huyu ndiye aliyefika kwetu. Mwaka 1331, kwa hesabu ya wengi, alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Habari zake za Mogadishu zina faida ya msafiri hasa: mfanyabiashara akifika, vijana humpokea baharini na sahani za chakula zilizofunikwa, na kila mmoja humdai kuwa mgeni wake, lakini mgeni akiwa mwanachuoni, hana ruhusa ya kushukia popote kabla ya kuonana na sultani. Alitaka kushukia kwa mwenyeji, akaelezwa desturi ya mji. Mombasa ameshuhudia misikiti ya mbao iliyojengwa imara, visima milangoni, na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Kilwa amemsifu Sultani Hasan, Abul-Mawahib, kwa ukarimu.

Lakini kwa Ibn Battuta panahitajika hadhari. Aliyasimulia haya Fes kwa amri ya Sultani Abu Inan, na mwandishi wake Ibn Juzayy akamaliza kuyapanga mwaka 757 H (1356), miaka ishirini na zaidi baada ya mengi kutokea. Sehemu za maelezo ya Makka na Damascus zimechukuliwa kwa Ibn Jubayr, na safari yake ya Bulghar wahakiki wengi hawaikubali. Watu wa zama zake walikwisha kumshuku. Ibn Khaldun anasimulia katika Muqaddima kuwa minong'ono ya kumkadhibisha ilienea, naye mwenyewe alimweleza waziri Faris ibn Wadrar shaka yake. Waziri akamwonya asiikatae habari kwa sababu tu hajaona mfano wake, akampigia mfano wa mtoto aliyelelewa gerezani, asiyemjua mnyama ila panya, ambaye kila akielezewa kondoo alidhani ni jamii ya panya. Kwa hiyo kuna makosa mawili hapa, la msimulizi na la msikilizaji. Tunavyoona sisi, aliyelikwepa la msimulizi vizuri ni al-Muqaddasi, wa karne ya nne Hijria, aliyeeleza mapema katika kitabu chake kuwa yaliyomo ni mafungu matatu: aliyoyaona, aliyoyasikia kwa watu waaminifu, na aliyoyakuta vitabuni. Hiyo ni isnadi iliyohamishiwa barabarani.

Na masheikh wetu hawakuiacha sunna hii. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu na mwalimu wa Unguja, aliandika kwa Kiarabu rihla ya safari yake ya Hadhramaut ya mwaka 1897.

Turudi kwa mzee wetu. Hofu yake ilikuwa ghiba. Imam Nawawi huyo huyo, katika Riyadhus Salihin, amehesabu sababu sita zinazoihalalisha, na miongoni mwake ni kuwatahadharisha Waislamu na kuwanasihi. Dalili anayoitaja ni hadithi ya Fatima bint Qays (r.a.). Alipochumbiwa na wawili, Mtume (s.a.w.) alimweleza wazi kuwa Muawiya hana mali, na kuwa Abu Jahm haiweki fimbo chini kutoka begani. (Baadhi ya wafasiri wamesema maana yake ni wingi wa safari, ingawa wengi wanasema ni kupiga.) Aliyetakwa shauri ameaminiwa, na kunyamaza kwake mbele ya anayemwuliza ni khiyana.

Na asidhani mtu kuwa ya Aydhab yamekwisha. Katika Hijja ya 1445 H, Juni 2024, joto la Makka lilipita nyuzi 50. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na kwamba asilimia 83 kati yao walikuwa hawana kibali cha Hijja. Wengi wa wasio na kibali huingia kwa viza za matembezi, na asiye na kibali hana nafasi katika mahema yenye ubaridi wala katika mabasi. Hutembea juani masafa marefu. Baada ya hapo Misri ilifuta leseni za kampuni 16 za safari. Walioswalimika katika misimu ya nyuma kwa njia hiyo walirudi makwao. Wangapi waliwaeleza majirani zao kwamba waliponea chupuchupu, na wangapi walisema "nzuri"?

Tulimwambia mzee kuwa Hijja yake haiharibiki kwa ukweli. Awaendee vijana wale kabla hawajalipa. Aeleze aliyoyaona kwa macho yake: umbali wa nyumba, siku ya Mina, kiasi alicholipa na kilichoahidiwa. Aliyoyasikia kwa wenzake ayaseme kuwa ameyasikia. Asizidishe, asiingie katika nyumba ya yule mtu wala nasaba yake, na kama kulikuwa na jema alitaje pia. Akauliza: "Na nikiona haya kwa kuwa niliwaambia nzuri?" Tukamwambia aanze kwa kusema kuwa alikosea. Alikaa kimya kidogo, akavaa viatu, akatoka kabla ya adhana.

Wallahu aalam.