Somo la Redio: Nani Aliandika Katika Sanduku la 25?

  Ninyi mlioketi darasani pamoja na mwalimu wenu, fungueni daftari zenu.

Leo tutazungumza habari za kompyuta, na hasa jinsi watu walivyojifunza kutafuta kosa lililojificha ndani ya kumbukumbu yake. Usiseme, "Mimi mkulima, jambo hilo lanihusu nini?" Ukiuza nyanya zako pale Ilula ukalipwa kwa simu, hesabu yako inashikwa na kompyuta. Ikiharibika, fedha iliyopotea ni yako.

Kwanza tuielewe kumbukumbu hiyo. Fikiri ukuta wa masanduku ya posta mjini Mbeya. Kila sanduku lina nambari yake. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama ukuta huo, ila kila sanduku hutiwa nambari badala ya barua. Programu, yaani mfuatano wa amri ambazo mashine huzifuata, hupewa masanduku yake ya kutumia.

Tuseme programu ya ghala la mahindi imepewa masanduku matano, la 20 mpaka la 24, iandike humo uzito wa magunia matano. Aliyeitunga alikosea kuhesabu, nayo ikaandika gunia la sita. Litakwenda wapi? Litaingia sanduku la 25, na humo mlikuwa na deni analodai mkulima, shilingi 40,000. Mashine haigombi. Inafuta deni, inaandika kilo 90, inaendelea na kazi. Jioni, sehemu nyingine kabisa ya programu inafungua sanduku la 25 ili mkulima alipwe, inakuta 90. Hapo ndipo watu wanapopiga kelele. Lakini mwenye kosa alikwisha pita tangu asubuhi!

Kosa hili lina ndugu yake. Programu hurudisha sanduku, ila inabaki na ufunguo. Sanduku hupewa mwingine, na yule wa kwanza bado anafungua na kuandika humo.

Basi, watu walifanyaje? Mwezi wa Mei 1949, katika mji wa Cambridge, Uingereza, mashine iitwayo EDSAC ilianza kazi. Kumbukumbu yake ilikuwa na masanduku 512 tu. Mkuu wake, Maurice Wilkes, alitunga programu ya amri 126, nayo ikatoka na makosa kama 20. Baadaye alisimulia kwamba siku moja, akipanda ngazi, alitambua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake ataimaliza akitafuta makosa yake mwenyewe. Nami nampenda mtaalamu asemaye kweli namna hiyo.

Njia yao ya kwanza ilikuwa kuchungulia. Mtu alisimama mbele ya mashine, akaiendesha amri moja moja, akitazama kumbukumbu katika kioo. Lakini mashine ilikuwa moja na wenye kuingoja walikuwa wengi; njia hiyo ikakatazwa. Mwaka 1951 Stanley Gill akaeleza njia nyingine: programu yenyewe itazamwe na programu ya pili, ambayo huchapa habari za kila hatua.

Kwetu, kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Kompyuta za siku zile zililishwa kadi zilizotobolewa. Ukikosea tundu moja, ulipewa karatasi zako ukaanze upya. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla mlango haujafunguliwa tena.

Wakati huo, kule Marekani, watu walikwisha rudi kwenye kuchungulia, lakini kwa namna bora. Waingereza na Wamarekani huliita kosa la programu "mdudu". Basi mwaka 1961, katika chuo cha MIT, programu ya kutafutia makosa ikaitwa DDT, jina la dawa ile ile ya wadudu. Mtu aliketi, akaandika amri, mashine ikamjibu papo hapo. Mwaka 1986 Richard Stallman akatoa nyingine, GDB, ambayo mpaka leo yatumika duniani kote.

Turudi ghalani. Mtafuta-makosa anaianzisha programu ndani ya GDB. Kwa amri "break" anaiambia isimame pahali fulani. Kwa "print" anatazama sanduku la 25: bado ni 40,000, salama. Kisha anaandika "watch", maana yake, lichunge sanduku hili. Programu inaendelea, na mara tu mtu anapoligusa, inasimama. Zamani ilikuwa 40,000, sasa 90! Kwa amri "backtrace" anauliza, "Nani alimtuma huyu?" Anajibiwa ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye hesabu ya gunia la sita. Mwizi ameshikwa mkono ukiwa ndani ya sanduku.

Si mchezo huu. Tarehe 2 Novemba 1988 programu ya hila ilienea katika kompyuta maelfu za Marekani. Mlango mmoja iliopitia ulikuwa huu huu: pahali palipotengwa nafasi 512, yenyewe ilituma 536. Zile zilizozidi zikaandika juu ya nambari inayoiambia mashine ifuate amri ipi baadaye.

Mwaka 2007 chuo cha Tumaini, Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza kufundisha shahada ya teknolojia ya habari. Mbeya nako kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 2012. Huenda mwanao yuko huko. Akirudi likizo, muulize kama amewahi kumshika mwizi wa sanduku.

Sasa andikeni zoezi. Programu imepewa masanduku ya 40 mpaka 49. Imeandika nambari 12. Je, imeharibu masanduku gani? Na ungeanza kuchunga lipi? Mwalimu wa darasa atasahihisha. Kwaherini.